Riziki Ipitayo Katika Jeraha la Mwenzio

Liko swali ambalo wanavyuoni na wanafalsafa wamelizunguka kwa karne nyingi bila ya kulimaliza, nalo ni hili: mtu ambaye riziki yake haiwezi kumfikia ila kwa kupita katika msiba wa mwenziwe, aingoje vipi riziki hiyo pasi na kuuharibu moyo wake? Mchimba makaburi aweza kuulizwa swali hili, na kadhalika mrithi aketiye kando ya kitanda cha mzazi mgonjwa. Lakini wote wawili wana pa kujificha, kwa kuwa mauti humjia kila mtu kwa wakati wake, awepo wa kunufaika nayo au asiwepo. Mahali ambapo swali limesimama wazi, halina pazia wala kichaka, nimepaona katika mchezo ambao kwetu wautazamao ni wachache, yaani mpira wa Kimarekani, na hasa katika maisha ya wale wachezaji wa akiba wahamao timu hii hata ile, mji huu hata ule, wakaitumia miaka kumi au kumi na mitano ya nguvu zao katika kazi ambayo mlango wake, aghalabu, haufunguki mpaka mguu wa mtu uvunjike.

Tarehe 18 Novemba 2018, katika uwanja ulioko Landover, Maryland, Alex Smith wa timu ya Washington aliangushwa na wachezaji wa Houston, na mifupa miwili ya mguu wake wa kulia ikavunjika. Jeraha lile liliingiwa na vijidudu vilavyo nyama ya mwili, hata ikawa matabibu hawaupiganii tena mguu peke yake bali na uhai wenyewe, na jumla ya mara alizopasuliwa ilifika 17. Nafasi yake ikashikwa na Colt McCoy. Na tarehe 3 Desemba, mjini Philadelphia, McCoy naye akavunjika mfupa wa mguu wa kulia. Siku mbili baadaye Washington ikamwandika mtu aitwaye Josh Johnson, mwenye umri wa miaka 32, ambaye tangu mwaka 2011 hakuwa ameanza hata mchezo mmoja wa ligi kuu, na ambaye wakati ule alikuwa amekwisha kukubali kwenda kucheza katika ligi nyingine changa ambayo ilikuwa bado haijafungua milango yake. Alifika hali hawajui wenziwe hata kwa majina, akajifunza majina hayo kwa kuiongoza timu ile ile katika mchezo wa video uitwao Madden. Tarehe 9 aliingizwa uwanjani wakati timu yake imekwisha kulemewa pointi 40 kwa sufuri. Tarehe 16, mjini Jacksonville, akaanza mchezo yeye mwenyewe, na Washington wakashinda 16 kwa 13. Huo ndio uliokuwa ushindi wake wa kwanza tangu alipochaguliwa kuingia katika ligi, miaka kumi na zaidi kabla ya hapo. Furaha yake ilikuwa ya haki, na hapana mwenye insafu atakayemwonea kijicho. Walakini ukiifuata furaha ile nyuma hatua kwa hatua, utaikuta imepita juu ya miguu miwili iliyovunjika.

Sharti nieleze hali ya nafasi yenyewe, maana asiyeifahamu atadhani kwamba haya ni mambo ya ajali tu, kama yatokeayo katika kila mchezo. Timu huwa na watu 11 uwanjani, na kati yao yuko mmoja aitwaye kwotabeki, ambaye kila shambulio huanzia mikononi mwake: yeye ndiye apokeaye mpira, ndiye akaguaye kwa jicho moja jinsi maadui walivyojipanga, na ndiye aamuaye, katika muda wa sekunde tatu hivi, kama ataurusha kwa mwenziwe aliye mbali, ataukabidhi kwa aliye karibu, au atakimbia nao, na hayo yote huyafanya hali mbele yake wako watu wenye uzito wa ratili 300 ambao ujira wao hutokana na kumbwaga chini. Katika nafasi nyingine wachezaji hupokezana, huyu akichoka yule huingia, na walio wengi hupata japo dakika chache za kuonekana. Kwotabeki hapokezani na mtu. Akiwa mzima na kazi yake yaridhisha, hukaa tangu mwanzo wa msimu hadi mwisho wake, na yule aliye nyuma yake husimama pembeni na ubao wa karatasi mkononi, amevaa nguo za vita kamili, jasho halimtoki. Njia za kumtoa aliye mbele, aghalabu, ziko mbili: ama ashindwe kazi, ama aumie. Kwa hiyo mambo ambayo aghalabu humfungulia mlango mtu wa akiba ni aibu ya mwenziwe au maumivu ya mwenziwe.

Ligi hiyo ina timu 32. Kila mwaka, mnamo kiangazi cha kule, kila timu hukusanya wachezaji wapatao 90 kambini, na ifikapo mwisho wa Agosti hutakiwa wabaki 53. Wanaume zaidi ya elfu moja hupoteza kazi katika muda wa siku chache. Kambini yuko mtu ambaye wachezaji huogopa kumwona mlangoni asubuhi, kwa kuwa ujumbe wake haubadiliki miaka nenda miaka rudi: kocha anakuita, na njoo na kitabu chako cha mbinu. Baadhi ya walioachwa huitwa tena katika kikosi cha mazoezi, ambako hulipwa kwa wiki na waweza kuachwa kwa wiki. Wengine hurudi makwao, wakaendelea kukimbia na kurusha mpira katika viwanja vya shule, simu zao wazi, maana simu yaweza kulia Jumanne na mtu akatakiwa awe uwanjani Jumapili.

Johnson alizaliwa Oakland, California, akasoma katika Chuo Kikuu cha San Diego, chuo cha Kikatoliki ambacho hakitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya mpira huu, akachaguliwa na Tampa Bay mwaka 2008 akiwa mtu wa 160. Toka hapo safari yake ni kitabu cha jiografia ya Marekani: San Francisco, Cleveland, Cincinnati, New York kwa timu zote mbili za huko, Indianapolis, Buffalo, Baltimore, Houston, Oakland kwao, Washington, Detroit, Denver, na baadhi ya miji hiyo aliirudia mara mbili na mara tatu. Timu 14 mbalimbali; hapana mchezaji aliyemtangulia katika hesabu hiyo. Kuna mahali alipokaa msimu mzima na kuna mahali alipokaa siku chache, akajifunza lugha nzima ya mbinu za kocha, maana kila kocha ana istilahi zake na ishara zake, kisha akaifuta akilini na kuanza nyingine. Wako watazamao maisha ya namna hii wakasema kwamba ni ya mtu aliyeshindwa. Mimi siafikiani nao hata kidogo. Mtu hatafutwi na mabwana 14 kwa kuwa hana faida; hutafutwa kwa kuwa wote hao, walipofikwa na dhiki, walimkumbuka kuwa ni mtu awezaye kufika leo na kesho akategemewa.

Lakini sifa hiyo haijibu swali letu, bali yalizidisha uzito. Kama mtu hukumbukwa wakati wa dhiki tu, na dhiki yenyewe ni jeraha la mtu, basi kila aombapo riziki aomba nini? Imamu Ghazali, katika sehemu ya Ihyaa aliyoitenga kwa maradhi ya hasira na husuda, amepambanua baina ya kutamani neema ya mwenzio imwondokee na kutamani wewe nawe upate mfano wake hali yake ikibaki. La kwanza ni haramu, na la pili halina ubaya, na katika mambo ya kheri lasifiwa. Kisha akachimba zaidi, akaonyesha kwamba mzizi mmoja wa husuda ni msongamano wa watu wengi juu ya lengo moja lisilowaenea. Na ndiyo sababu wanaoyatafuta maarifa ya Mwenyezi Mungu kwa haki hawahusudiani, kwa kuwa bahari hiyo hainywi mmoja ikampungukia mwingine, ilhali wanaotafuta cheo kimoja katika mji mmoja hawana budi kuumana.

Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, na kila nikiipima kwa hali ya mtu wa akiba naona jinsi njia ilivyombana. Ile tamaa iliyo halali, ya kupata mfano wa neema ya mwenzio pasipo neema yake kuondoka, yeye hawezi kuipata katika timu yake, kwa sababu mfano wake haupo. Nafasi ni moja. Akitamani kucheza, ametamani asicheze fulani. Na fulani si mtu wa mbali, bali ni mtu aketiye naye meza moja asubuhi na jioni, ajuaye majina ya watoto wake, na pengine ni rafiki yake wa dhati. Wengine wamejaribu kulikwepa jambo hili kwa kusema kwamba mchezaji mwema hatamani kucheza, hutosheka na mshahara wake na kungoja kwake. Jawabu hilo si la kweli. Mtu aliyeifanya kazi tangu utotoni, akaujua ufundi wake kama sonara aujuavyo wake, hawezi kuambiwa asitamani kuutumia, na akifika hapo pa kutotamani, siku atakapoitwa hatafaa kitu. Timu yenyewe yamtaka awe na njaa.

Jawabu, kwa nionavyo, halimo katika kuifisha tamaa bali limo katika kazi yenyewe ya mtu wa akiba, ambayo watazamaji hawaioni kwa kuwa hufanyika siku za wiki, katika vyumba vyenye mapazia. Siku hizo mtu wa akiba hukaa na kwotabeki wa kwanza mbele ya picha za michezo ya timu watakayokutana nayo, wakazitazama saa nyingi, na kazi yake ni kuona yale ambayo mwenziwe hakuyaona: kwamba beki fulani, akikusudia kushambulia, huusogeza mguu wa kushoto kabla, kwamba timu hii, ikiwa nyuma kwa pointi, hupenda kutuma mtu wa ziada kutoka upande asioutazama mrushaji. Katika mazoezi yeye ndiye aigizaye kwotabeki wa wapinzani, akaiga miondoko yake na kasi yake, ili walinzi wa timu yao wazoee. Siku ya mchezo, mwenziwe atokapo uwanjani, yeye ndiye wa kwanza kumwendea na kumwambia alichokiona kutoka pembeni. Sasa zingatia muradi wa hayo yote. Yule anayemwonya mwenziwe kwamba pigo litatoka upande wa kushoto anaulinda mguu ule ule ambao, ukivunjika, utamlisha yeye na watoto wake. Na hufanya hivyo kila wiki, kwa akili yake yote, kwa mshahara ulio sehemu ndogo ya mshahara wa amlindaye.

Hapo ndipo naona mwanya katika ule ukuta. Moyo wa mwanadamu hauamriki moja kwa moja. Huwezi kuuambia usitamani ukatii. Bali mikono yaamrika, na macho yaamrika, na ulimi waamrika. Na viungo hivyo vikitumiwa siku baada ya siku kumhifadhi mtu, moyo huvifuata polepole, hata tamaa ya kucheza ikakaa pamoja na mapenzi ya kweli ya usalama wa mwenzio, kila moja mahali pake, pasi na moja kuila nyingine. Wanachuoni wetu huwaagiza waja kuwaombea dua wale ambao nafsi zao zawaonea uzito, na hawangoji kwanza nafsi iwe safi ndipo dua iombwe. Dua ndiyo ifuayo nafsi. Kazi ya mtu wa akiba ni dua ya namna hiyo, ifanywayo kwa viungo.

Pana mfano wake msikitini. Mafakihi wa Kishafii wameeleza kwamba imamu akitangukwa na udhu katikati ya sala, yafaa amvute mmoja wa walio nyuma yake amkamilishie, naye huendelea kutoka pale pale alipokomea imamu. Na kwa ajili hiyo, pamoja na sababu nyingine, hupendekezwa safu ya nyuma ya imamu isimamwe na watu wenye elimu. Mtu yule asimamaye nyuma ya imamu, aijuaye sura inayosomwa na awezaye kuisoma, hangoji imamu atangukwe. Anasali. Sala yake ni kamili akivutwa mbele au asivutwe, na rakaa zake hazipungui hata moja kwa kuwa hakuongoza. Najua fika kwamba mfano huu hautoshi, maana ligi haiwaandikii watu wa nyuma rakaa zao. Vitabu vya takwimu huhesabu waliorusha mpira peke yao, na msimu mzima wa kulinda na kuonya huandikwa sufuri. Hata hivyo kosa la daftari si hoja juu ya amali.

Upande wa pili wa jambo hili umeonyeshwa na Ryan Fitzpatrick, ambaye habari zake nazipenda zaidi kuliko za mtu yeyote katika mchezo huu. Alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard, akachaguliwa mwaka 2005 akiwa mtu wa 250 kati ya 255, na akacheza misimu 17 katika timu 9, mara kwotabeki wa kwanza, mara wa akiba, mara wa kwanza tena. Msimu wa 2015 aliirushia New York Jets pasi 31 za kufunga, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika timu hiyo. Na katika mchezo wa mwisho, uliohitaji ushindi tu ili waingie katika mashindano ya mtoano, pasi zake tatu zikanaswa katika robo ya mwisho mjini Buffalo, wakabaki nje. Yeye basi amekuwa pande zote mbili za ule mlango, amewahi kuwa anayengoja na amewahi kuwa anayengojewa.

Oktoba 2020 alikuwa Miami, na timu ilikuwa imetoka kumshinda mpinzani wake 24 kwa sufuri, kocha Brian Flores alipotangaza kwamba nafasi itachukuliwa na Tua Tagovailoa, kijana aliyechaguliwa mwaka ule ule. Fitzpatrick hakuwa ameumia wala hakuwa ameshindwa. Wakati wa kijana ulikuwa umefika, basi. Waandishi walipomwuliza, hakujificha nyuma ya maneno ya adabu: aliwaambia kwamba habari ile ilimvunja moyo. Kisha akarudi katika chumba cha mapazia, akaendelea kumfundisha kijana yule yale aliyoyajua. Tarehe 26 Desemba, mjini Las Vegas, mambo yalipomwendea vibaya Tagovailoa, akaitwa yeye. Na zikiwa zimebaki sekunde 19, timu yake iko nyuma 25 kwa 23, akaurusha mpira yadi 34 hali mlinzi ameushika wavu wa kofia yake na kuisokota shingo yake, asione anakorushia. Mpira ukafika mikononi mwa Mack Hollins, adhabu ya yadi 15 ikaongezwa juu yake, mkwaju ukapigwa, wakashinda 26 kwa 25. Siku chache baadaye alipimwa akakutwa na ugonjwa wa korona, akaukosa mchezo wa mwisho, Miami wakafungwa 56 kwa 26, wakatoka. Fitzpatrick aliacha mpira mwaka 2022, na katika miaka yote 17 hakuwahi kucheza hata mchezo mmoja wa mtoano.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba kuridhika na kadari ni kutoona uchungu, na kwamba mwenye imani ya kweli hupokea pigo akatabasamu. Nadhani hilo ni kosa, tena kosa ambalo limewaumiza watu wengi wema kwa kuwafanya wauonee haya moyo wao. Yakubu alimlilia mwanawe hata macho yakaingia weupe, na hakuna aliyemvua utume wake. Ridhaa haimkatazi mtu kusema kwamba moyo wangu umevunjika. Yamkataza kuuchukua ule mvunjiko akaufanya silaha dhidi ya aliyepewa nafasi. Kijana Tagovailoa hakuiiba nafasi ile. Aliyeivua akaivisha ni mwingine, na Fitzpatrick alilitambua hilo, akauweka uchungu mahali pake na ufundi akautoa.

Sasa naingia katika jambo ambalo nisipolisema nitakuwa nimewadhulumu watu hawa. Maneno haya yote ya subira, kinaa na kutawakali ni matamu sana kinywani mwa mwenye timu. Yampendeza mno kusikia kwamba mchezaji wa akiba ni mtu aliyeridhika, kwa kuwa aliyeridhika hadai. Na mikataba ya ligi hiyo, kwa wachezaji wa daraja ya chini, imeandikwa hivi kwamba sehemu kubwa ya fedha hailindwi: kijana akiachwa mwezi wa Agosti, mshahara uliotajwa katika karatasi wa msimu ule hapati. Pensheni nayo haimthibitikii mpaka akamilishe misimu mitatu, na wako wengi ambao safari yao imekatika kabla ya kufika hapo. Wanarudi makwao na magoti ya wazee, na wengine na vichwa ambavyo vimetikiswa mara nyingi kuliko ilivyopasa. Ridhaa ni vazi ambalo mtu hujivika mwenyewe mbele ya Mola wake. Mwajiri akilichukua na kumvisha mfanyakazi, na huku mkono wake wa pili uko mfukoni mwa mfanyakazi yule, halina tena jina hilo, ni dhuluma iliyotiwa manukato ya dini. Wachezaji walipoungana katika chama chao wakadai mikataba bora na uangalizi wa majeraha, hawakutoka katika tawakali hata hatua moja. Ngamia alipasa kufungwa kwanza, ndipo mtu atawakali.

Na wako waliojua kuishika nafasi kwa vidole vilivyolegea hata mbele ya mwenye nguvu. Ndugu wawili Waislamu, Husain na Hamza Abdullah, wote walinzi wa nyuma, na Hamza akiwa mtu wa kuhamahama aliyepita Tampa Bay, Denver, Cleveland na Arizona, waliuacha msimu wa 2012 wakaenda kuhiji, katika kazi ambayo mwaka mmoja wa kutoonekana watosha kumfuta mtu. Hamza hakurudi tena. Husain alirudi mwaka uliofuata na Kansas City, na tarehe 29 Septemba 2014 akainasa pasi ya Tom Brady, akakimbia nayo mpaka mwisho wa uwanja, akasujudu. Mwamuzi akamwadhibu kwa yadi 15, na kesho yake ligi ikakiri kwamba adhabu ile haikustahili. Mwaka 2016 aliacha mchezo kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo, akihofia akili yake kuliko mkataba wake. Nimewataja kwa kuwa walikuwa na kile ambacho mtu wa akiba anakihitaji kuliko mkono wenye nguvu, yaani kujua kwamba riziki ina Mwenyewe, na kwamba huyo Mwenyewe hana ofisi katika jengo la timu.

Tarehe 29 Januari 2023, mjini Philadelphia, swali letu lilifika ukingoni kabisa. San Francisco walikuwa mchezo mmoja tu kabla ya fainali kubwa ya mwaka. Kwotabeki wao wa kwanza, Trey Lance, alivunjika kifundo cha mguu mwezi wa Septemba. Wa pili, Jimmy Garoppolo, alivunjika mguu mwezi wa Desemba. Wa tatu alikuwa Brock Purdy, kijana aliyechaguliwa wa mwisho kabisa, wa 262, mwaka uliotangulia. Nyuma ya Purdy, tangu Desemba ile, alikuwa amesimama Josh Johnson. Katika shambulio la kwanza la timu yake mkono wa Purdy ulipigwa wakati anarusha, kano ya kiwiko ikakatika, na Johnson, mwenye miaka 36, akaingia katika mchezo mkubwa kuliko yote aliyopata kuiona. Hakuufikia mwisho. Katika robo ya tatu alibwagwa, kichwa chake kikagonga ardhi, matabibu wakamtoa. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, Purdy akarudi uwanjani na mkono usioweza kurusha, akawa anapokea mpira na kuukabidhi, anapokea na kuukabidhi, na Philadelphia wakashinda 31 kwa 7. Kwa muda ule nafasi inayopiganiwa na maelfu ya vijana nchini kote, ambayo kwa ajili yake watu hungoja miaka kumi, ilikuwa wazi mbele ya macho ya taifa zima, na waliokuwa na haki nayo wote wawili walikuwa wamejeruhiwa.

Mwaka ule wenye timu walibadili kanuni, wakaruhusu kwotabeki wa tatu awe tayari siku ya mchezo kwa dharura ya namna ile. Johnson alipona, akatia saini na Baltimore kwa mara nyingine, akasimama nyuma ya Lamar Jackson na Tyler Huntley, na kazi aliyopewa ilikuwa ile ile ya vyumba vyenye mapazia: kutazama picha, kuiga wapinzani, na kumwambia Jackson pigo litatoka upande gani. Jackson aliumaliza msimu ule mzima wa afya, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi.